Mgongo wa Mama Mwenyekiti

Kama gazeti la wiki jana lilikupita kwa sababu muuza mandazi alikufungia mandazi nalo, usijali. Nitakukumbusha kwa ufupi, maana aibu zangu hazifai kurudiwa kwa urefu.

Mimi ni Rehma, wa kidato cha tatu, niliyetumwa nyumbani kutoka shule ya bweni kule upande wa Maseno. Kosa langu ni kwamba nilichukua ile mifupa ya plastiki ya maabara ya bayolojia, nikaivalisha koti la mvua la naibu wa mwalimu mkuu, Madam Wangechi, nikaiketisha mbele ya darasa saa za masomo ya jioni.

Darasa halijawahi kuwa kimya namna ile. Mwalimu Mkuu alipita nje, akachungulia dirishani, akaona koti, akasema, "Kazi nzuri, Madam Wangechi."

Mifupa haikujibu. Mwalimu Mkuu akaenda zake ameridhika.

Madam Wangechi aliposimuliwa hakucheka. Ndiyo maana nangoja Jumatatu, Bodi ya shule ikae na kuamua kama nitarudi kusoma au kama elimu yangu imekomea kwenye mifupa. Mpaka siku hiyo naishi Kisumu kwa Shangazi Khadijah, dada yake baba, mwenye duka la nguo nyuma ya soko la Kibuye.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni maafa ya wiki hii.

Shangazi alinipa sharti moja tu siku niliyofika.

"Rehma, mpaka Jumatatu nataka uwe kama hizi sanamu zangu za nguo. Usiguse kitu, usiseme kitu, usicheke."

"Hata kichwa nisiwe nacho, Shangazi?"

"Hicho hasa ndicho kilichokuponza."

Niliuliza vile kwa sababu sanamu za Shangazi hazina vichwa. Zinakuja kutoka Nairobi na vichwa vyake, vya kizungu, vyenye pua ndefu na midomo iliyonuna, lakini Shangazi huving'oa siku hiyo hiyo na kuvitia guniani. Anasema mwenye kuweka kitu chenye uso ataambiwa siku ya kiyama akitie roho, na yeye hataki kuulizwa maswali hayo kwa ajili ya gauni.

Kichwa si tatizo la mauzo. Tatizo ni wembamba.

"Khadijah, hii nguo ni ya nani? Ya mgonjwa?" wateja walikuwa wakiuliza.

"Yawa! Huyu hupewa chakula kweli?"

Kwa hiyo Shangazi akaamua sanamu iliyo karibu na mlango iongezwe mwili. Hiyo si ajabu kwetu. Mwenye duka anayetaka kuuza hupeleka sanamu yake kwa fundi, ikarudi na nyonga zinazoeleweka. Fundi wetu ni Wekesa, ambaye kazi yake hasa ni kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Hutumia faiba na gundi ile ile. Anasema nyonga na madigadi ni kazi moja, tofauti ni kwamba madigadi hayalalamiki.

Nilimpelekea sanamu kwa mkokoteni. Akaizunguka akiipiga makonde madogo kama anayechagua tikiti maji.

"Anataka ukubwa gani?"

"Shangazi amesema ya kawaida."

"Kawaida ya nani, dada? Kuna kawaida ya Probox na kuna kawaida ya lori."

"Sasa utajuaje?"

"Niletee nguo. Naivalisha, naweka nailoni ndani, halafu najaza mpaka nguo ikae. Nguo ndiyo itasema."

Nikarudi dukani mbio, nikachukua gauni lililokuwa karibu kabisa na mlango. Naapa sikulichagua kwa ubaya. Nililichagua kwa uvivu. Lilikuwa jipya, lenye maua ya zambarau, likimngoja mwenyewe, Mama Agneta Wabwire, mama mmoja mkubwa wa mwili na wa heshima. Nilichojua juu yake ni kwamba analipa vizuri na anaongea kwa simu sana.

Jambo nisilolijua ni jinsi Shangazi anavyoshona. Shangazi hashoni nguo, anashona mtu. Mama Agneta nyonga yake ya kushoto imepanda juu kidogo kuliko ya kulia, na mgongo wake unaegemea huko huko, kama mtu anayesikiliza siri. Shangazi alikuwa ameyakata yote hayo kwenye gauni kimya kimya, ili likivaliwa lisivutike upande.

Basi Wekesa alipolijaza gauni, hakujaza gauni. Alimjaza Mama Agneta.

Shangazi alipoipokea sanamu aliinamisha kichwa upande.

"Huyu nimemwona wapi?"

"Kwa Wekesa, Shangazi."

"Hmm."

Akaivalisha sare. Akina mama wa kanisa moja hapa mjini walikuwa wamechagua kitenge cha harusi ya binti wa mchungaji wao, cha kijani chenye ndege wa manjano, na Shangazi ndiye aliyepewa kazi yote. Mimi nikaigeuza sanamu, mgongo uelekee mlangoni. Nilikuwa na sababu ya kitaalamu. Nguo ya kanisani inakaguliwa na waliokaa nyuma yako.

Asubuhi iliyofuata Wesonga wa boda akasimama mlangoni na pikipiki yake, akasalimu kwa Kijaluo.

"Mama Agneta, amosi! Twende nyumbani?"

Nikaangalia huku na huku. Dukani tulikuwa mimi na sanamu.

"Sawa Mama, usiharakishe," Wesonga akasema. "Nakungoja hapa kwa kivuli."

Akangoja. Akakataa abiria wengine wawili kwa sababu yuko na mteja wake. Mgongo ulimtosha. Kilemba hakuwa amekitafuta, wala kichwa.

Kuna vijana ambao wakionyeshwa jambo kama hilo huliacha lipite. Nawaheshimu sana vijana hao. Nilikwenda kwenye begi langu la shule, nikatoa mpira wa netiboli ambao nilikuwa nimesahau kuurudisha stoo, nikauchomeka shingoni mwa sanamu na kuuzungushia kilemba cha kitenge kile kile. Mkono wa kulia wa sanamu tangu kiwandani umekunjwa kuelekea begani, hakuna ajuaye kwa nini. Mimi nikaupa sababu. Nikaufungia simu mbovu ya Shangazi, ikakaa pale sikio lingekuwa.

Shangazi akaja, akakitazama kichwa.

"Hicho nini?"

"Mpira, Shangazi. Hauna uso."

Akauzunguka kuhakikisha. "Sawa. Kama hauna uso."

Ile simu ndiyo iliyomaliza kazi. Mtu wa kawaida akisalimiwa na asijibu, ana dharau. Mtu mkubwa akiwa kwa simu, mji mzima unangoja. Watu waliingia, wakasema "Mama, habari ya siku nyingi," wakaona simu, wakajishika mdomo, wakaomba radhi kwa mkono, wakasimama. Wengine walingoja hadi wakaona haya kusimama bure, wakanunua kitu. Mzee mmoja alinunua buibui. Sidhani ana wa kumpa.

Mauzo yakapanda. Shangazi akawa anaimba dukani. Mimi nikawa nakula chapati mbili badala ya moja, na Jumatatu ikaanza kuonekana mbali.

Halafu ikafika Jumamosi.

Mama Agneta, yule wa damu na nyama, alikuja kuchukua gauni lake la zambarau na kupimwa sare. Mteja wa zamani kama yeye hapitii mbele. Huingilia mlango wa uani, moja kwa moja hadi chumba cha cherehani, huko nyuma. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Khadijah, mimi ni mchawi?"

"Mchawi tena, Mama?"

"Watu wananiambia nashinda hapa dukani kwako kwa simu, nawanyima salamu. Alhamisi nilikuwa Katito kwa matanga, na bwana yangu amepigiwa kuambiwa nimeonekana Kibuye! Wesonga wa boda hataki hata kunibeba. Ati nilimkalisha kwa kivuli asubuhi nzima nikamwacha."

"Watu wana maneno," Shangazi akasema, naye alikuwa anasema kweli kabisa kwa kadiri alivyojua.

"Na hii nguo yangu, mbona inakwaruza hapa kwa nyonga? Imekauka kama ubao. Tazama, nikiiweka chini inasimama yenyewe!"

"Rehma!" Shangazi akaita. "Hii nguo ya Mama Agneta ilienda wapi?"

"Ilipunga hewa, Shangazi!"

Nilisikia pazia la chumba cha cherehani likivutwa. Nikashusha pumzi. Nilikuwa bado nazishusha niliposikia, ng'ambo ya barabara, ko, ko, ko.

Kila msichana wa shule yetu anaujua mlio wa viatu vile. Tumeota ndoto mbaya juu yake. Nikatazama na kumwona Madam Wangechi mwenyewe akivuka, mwavuli mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, na kutoka kikapuni kichwa cha kuku kikitalii Kisumu.

Nikajitupa nyuma ya mabuibui yaliyotundikwa ukutani, nikawa kitambaa.

"Mama Mwenyekiti!" Madam Wangechi akasema mlangoni. "Kumbe ni wewe! Nimekutambua kutoka kule kwa stendi. Nikasema, ule mgongo siwezi kuupoteza."

Akaona simu. Akajishika mdomo. Akaegemeza mwavuli ukutani, akaweka kikapu chini, akakunja mikono mbele kama mtoto wa darasa la kwanza, akangoja.

Mwenyekiti wa nini? Nikajiuliza ndani ya mabuibui. Wa chama? Wa kwaya?

Kuku akasema kok. Madam Wangechi akamwambia shh.

"Samahani, Mama, usikatize simu," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi naongea tu kidogo na wewe unasikia. Ni ile mambo ya Bodi kesho kutwa. Yule msichana wa mifupa."

Kwa hiyo Mama Agneta, ambaye gauni lake nilikuwa nimelipiga gundi, ambaye nilikuwa nimemvuruga kwa mumewe na kumgombanisha na boda yake, ndiye Mwenyekiti wa Bodi yangu. Katika Kisumu yote, yenye migongo yote hii.

"Mimi naomba asirudi," Madam Wangechi akaendelea. "Si chuki, Mama. Ni kwamba watoto sasa wananiita Fupa. Napita kwa bweni, nasikia Fupa, Fupa. Nikigeuka, kila mtu anasoma. Nimefanya hii kazi tangu nikiwa msichana. Sijawahi kuchelewa. Sasa hata mpishi akinipa chai anauma midomo asicheke."

Alitoa kitambaa, akafuta kitu ambacho nilitumaini ni jasho.

Moyo wangu ulitaka kufanya jambo la ajabu wakati huo, yaani kusikitika. Nikauambia ungoje, tuko taabuni.

"Na hii kuku ni ya nyumbani tu, si kitu," akamaliza, akisukuma kikapu karibu na miguu ya sanamu. "Ya kukusalimu."

Kisha akakaa tayari kupewa jibu, na nikaona waziwazi kwamba hataondoka bila jibu. Angezunguka mbele. Angeangalia uso. Angekuta mpira wa netiboli.

Niseme nini, wasomaji? Sauti ya Mama Agneta naijua. Kila alipopitia uani nilikuwa nimeisikia ikiongea kwa simu. Watu wakubwa hawatumii maneno mengi. Maneno manne yanawatosha mpaka kustaafu.

"Eee," nikasema kutoka ndani ya mabuibui, kwa kifua.

Madam Wangechi akanyooka.

"Eee. Ndiyo. Nakusikia," nikaendelea, kama anayeongea na mtu wa huko mbali kwenye simu. "Msichana gani? Yule wa mifupa? ... Eee. ... Hapana. Hapana, bwana. Mtoto arudi asome. ... Aombe msamaha, eee, mbele ya shule yote. Lakini asome. ... Hiyo nimeshaamua. Imeisha."

Hata kuku alisikiliza hukumu.

"Nimesikia, Mama," Madam Wangechi akasema taratibu. "Kama umeshaamua, basi." Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba si mrefu kama nilivyofikiri. Ni viatu. "Kazi njema, Mama."

Ko, ko, ko. Akaenda.

Nilitoka mafichoni nikiwa mwanafunzi tena. Nilikuwa nimejirudisha shuleni kwa maneno machache na sikuhitaji hata Bodi. Nikamwinamia sanamu, nikamwambia, "Asante, Mama Mwenyekiti."

"Karibu," sanamu ikajibu.

Haikuwa sanamu. Pazia la nyuma lilikuwa wazi. Mama Agneta alikuwa amesimama pale, amevaa sare ya kijani yenye ndege wa manjano, na kilemba chake, pini zikimtoka kila upande. Nyuma yake alikuwa Shangazi, pini nyingine mdomoni, macho yamemtoka kuliko pini.

"Endelea," Mama Agneta akasema. "Sema kitu kingine. Nataka kujua nimeamua nini tena leo."

Alikuja polepole, akinipita kama mtu anayepita kiti. Alisimama nyuma ya sanamu. Akaitazama kuanzia kilemba hadi pindo, kisha akaitazama nyonga ya kushoto kwa muda mrefu.

"Khadijah. Hivi ndivyo nilivyo kwa nyuma?"

Shangazi akatema pini. "Wallahi, Mama, mimi sikujua. Wewe ni mzuri zaidi."

"Sikuuliza uzuri." Akaweka kiganja juu ya ile nyonga iliyopanda, kama anayempapasa mtu anayemfahamu. "Huyu hapa ni Waliaula. Ndugu yangu mdogo. Mama alikuwa anashinda sokoni Otonglo, mimi ndiye nilikuwa nambeba, hapa hapa kwa huu ubavu, mpaka akajua kwenda shule mwenyewe. Sasa ni mzee ana kitambi, na mimi bado nimembeba."

Akacheka kidogo kwa pua. "Mtu anazeeka bila kuona huku nyuma."

Nilidhani nimeokoka. Nilianza hata kutabasamu.

"Na hii kuku ni ya nani?" akauliza bila kugeuka.

"Yako, Mama."

"Yangu kutoka wapi?"

"Umeletewa na Madam Wangechi. Umeshampokea."

"Nimempokea!"

"Ulisema eee."

Akageuka sasa. "We mtoto. Umekaa Bodi peke yako, umetoa hukumu, umekula hongo, yote kwa jina langu, na mimi sijanywa hata chai. Ndiwe wa mifupa?"

"Ndimi, Mama."

"Huyu mwalimu alikuja kulia kwa mgongo wangu, na mgongo wangu ukamjibu kwa ujeuri. Unajua Jumatatu mimi nitaamua nini?"

Sikujua, na mpaka leo nasikitika kwamba hakumaliza. Maana mwavuli wa Madam Wangechi ulikuwa bado umeegemea ukutani, na nje tukasikia ko, ko, ko.

"Anarudi!" Shangazi akasema, akavuta pazia na kujifungia nyuma yake.

Mimi nikaruka kwenye mabuibui. Nilitegemea Mama Agneta atakwenda mlangoni kumpokea mgeni na kuniuza pale pale, kama mtu mzima yeyote mwenye akili. Badala yake alitoa simu yake kifuani, akaiweka sikioni, akasimama kando ya sanamu na kuupa mlango mgongo.

"Mama, unafanya nini?" nikanong'ona.

"Nyamaza. Miaka yote watu wananisema nyuma. Leo nipo."

Madam Wangechi akaingia. "Samahani, Mama Mwenyekiti, nilisahau mwavu..."

Akaona migongo miwili.

Kilemba cha kijani na kilemba cha kijani. Simu na simu. Nyonga ya kushoto iliyopanda, na kando yake nyonga ya kushoto iliyopanda. Madam Wangechi akafumba macho, akayafumbua, hesabu ikabaki ile ile.

Ni kuku aliyeharibu. Alikuwa ametoa shingo kikapuni na kuiona ncha ya kitambaa iliyoning'inia hadi chini kutoka kwenye kilemba cha sanamu, na nadhani wale ndege wa manjano aliwaona kama mahindi. Akadonoa. Akavuta. Kilemba kikafunguka mzunguko baada ya mzunguko, na kichwa cha Mwenyekiti kikaanguka sakafuni, kikadunda, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha Madam Wangechi.

Aliinama, akakiokota. Akakigeuza. Jina la shule yetu limeandikwa pale kwa rangi nyeusi, herufi kubwa, ili mpira usiibwe.

Kimya kama kile nilikuwa nimekisikia mara moja tu, darasani, jioni ya mifupa.

Sikutegemea acheke, lakini alicheka, kicheko kifupi kikavu.

"Rehma," akasema kuelekea dari. "Najua uko hapa. Mara ya kwanza ulinipata. Leo umeniwekea hata wawili." Akaukwapua mwavuli, akapiga hatua moja kuelekea mgongo wa pili, ule wenye joto. "Na huyu umempa kichwa cha nini? Voliboli?"

Akanyoosha mkono kuelekea kilemba cha Mama Agneta.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ningeweza kunyamaza. Madam Wangechi angemvua kilemba Mwenyekiti wa Bodi, kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya hapo hakuna mtu Kisumu ambaye angemuuliza maoni yake juu yangu. Ningerudi shuleni mshindi. Yeye ndiye angetafuta pa kwenda. Nilichotakiwa kufanya ni lile jambo moja ambalo walimu wote wamenisihi tangu kidato cha kwanza, kufunga mdomo.

Lakini nilikuwa nimesimama gizani kati ya mabuibui, na nilichokuwa nasikia ni Fupa, Fupa, na mpishi akiuma midomo.

Vidole vyake vikagusa kitambaa.

Nikafungua mdomo kumzuia. Na naomba Bodi, Shangazi, na ninyi mnaosoma mniamini, nilikusudia kabisa kutumia sauti yangu.

"Mwalimu, toa mkono," ikasema sauti ya Mama Agneta, nzito, tulivu, kutoka ndani ya mabuibui.

Mkono ukaganda. Madam Wangechi akageuza kichwa polepole kuelekea ukutani, nilipokuwa.

Ndipo mgongo uliokuwa mbele yake ukavuta pumzi ndefu, na simu iliyokuwa sikioni, ile nzima, ikaanza kulia.